Mwendo wa Mihayo

Juzi nilikuwa kwenye kibanda umiza cha jirani yetu, tunaangalia mpira wa Ulaya, akaingia kijana ametoka mazoezini akaketi mbele yangu na harufu yake. Dawa ya kuchua. Ile harufu kali inayopanda puani mpaka machozi yanachungulia. Nilisimama nikatoka kabla hata ya mapumziko, mimi ambaye mvua ya mawe hainiondoi kwenye mpira. Wenzangu wakadhani nimekimbia kwa sababu timu yangu imefungwa. Waache wadhani hivyo. Timu yangu kufungwa ni jambo la kila wiki, nimeshazoea.

Hapa Tabora watu wa rika langu wananijua, mimi ni mwanamke wa maoni. Nauza vitenge sokoni, lakini asubuhi ya Jumatatu wanaume wanaokuja kwangu hawatafuti kitenge, wanatafuta ugomvi. Nawapa. Nawaambia ligi yetu ni ya timu mbili za Dar na sisi wengine tumealikwa tu kuwapigia makofi. Nawaambia vijana wanaoshinda na mikeka ya kubeti kwamba hao si mashabiki, maana shabiki hawezi kushangilia timu kumi na mbili kwa siku moja. Na timu ya taifa msiniguse. Kila ikirudi kutoka mashindano ya Afrika viongozi wanasema tumejifunza. Tumejifunza! Tunajifunza tangu nina meno ya utoto, na mtihani hatujawahi kufaulu.

Jambo moja tu ndilo nisilochangia. Mchezaji wa Ulaya akijishika paja, wanaume watatu wenye mabegi wanamkimbilia, wanamminya hapa, wanamwinua pale, wanamvisha barafu, kesho wanampiga picha mpaka ndani ya mifupa. Kibandani watu wanacheka, eti wazungu wanadekezana. Nikiona goti la mtu limefungwa barafu, namkumbuka kaka yangu Mihayo, na siku hiyo huwa nalala vibaya.

Tulikuwa tunakaa Itetemia, pale mji unapoanza kuchanganyika na mashamba ya karanga. Baba alikuwa Kaliua kwenye tumbaku, tunamwona akishavuna akauza, basi. Nyumbani tulikuwa mimi, Mama na Mihayo. Mimi nilikuwa mdogo wa kuagizwa chumvi. Yeye alikuwa kijana wa kunyoa ndevu, amemaliza sekondari, na ile michezo ya shule za sekondari ndiyo iliyompaisha. Watu wa timu ya mkoa walimwona huko, wakamchukua, wakamvisha namba kumi na moja. Winga wa kushoto. Jamani, mguu ule wa kushoto! Sisemi kwa sababu ni ndugu yangu. Nimeangalia mpira maisha yangu yote, na mpaka leo sijaona mtu anayesimamisha mpira wa juu kwa utulivu ule, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Na alikuwa mtu wa mdomo. Nyumba yetu haikuhitaji redio. Akienda kuchota maji anajitangaza mwenyewe: Mihayo na ndoo, Mihayo anampita mbuzi, Mihayo anaingia eneo la hatari! Mama anatoka jikoni anamwambia, "Wewe mwaga maji yangu chini, uone kadi yangu." Mimi aliniita Mchambuzi. Jioni baada ya mechi ananikalisha kwenye kinu, ananishikisha mwiko kama kipaza sauti, ananiuliza, "Mchambuzi, leo tumekosea wapi?" Nami natoa maoni, najua nini, nasema tu kwamba kipa ni mnene. Anacheka mpaka anakaa chini. Maoni yangu yote mnayoyasikia sokoni yalianzia pale kwenye kinu. Na asubuhi nikimwambia shikamoo kaka, anaitikia marahaba ndefu ya mtangazaji, anaivuta mpaka majirani wanacheka.

Msimu ule timu yetu ilikuwa mkiani, kama kawaida yetu, na Jumamosi ilikuwa inakuja timu kubwa ya Dar. Lakini nyumbani kwetu hatukuwa tunazungumzia kushuka daraja. Tulizungumzia habari aliyokuja nayo Mihayo kutoka mazoezini: mtu wa timu ile ya Dar ameulizia jina lake. Ameuliza ana umri gani, na kama mguu wa kulia nao unafanya kazi. Mama aliimba jikoni siku nzima, nyimbo za kwaya ya Moravian, moja baada ya nyingine. Mihayo aliniambia, "Mchambuzi, Jumamosi ndiyo siku yangu. Nikicheza vizuri mbele yao, wananichukua. Nisipocheza, nitakuwa mtu wa tumbaku kama baba." Nikaelewa kila neno.

Sasa kuna jambo ambalo kila shabiki wa nchi hii analijua na hakuna kiongozi atakayelikubali mbele ya kipaza sauti. Timu ina makocha wanaokaa kwenye benchi, na ina kamati nyingine isiyokaa popote. Kamati hiyo ndiyo inayosema basi lisipite geti kubwa, wachezaji wasiingie chumba cha kubadilishia nguo, kipa aingie uwanjani kinyumenyume. Ya kwetu mjumbe wake alikuwa Bwana Lufunga, mtunza vifaa. Mtu mpole, ana baiskeli, anatunza mipira na jezi, na ndiye pia aliyekuwa anaitwa daktari wa timu kwa sababu ndiye mwenye ndoo ya maji na chupa ya dawa ya kuchua. Jumatano jioni, baada ya mazoezi, Lufunga alileta masharti. Kuanzia usiku ule mpaka kipenga cha mwisho, wachezaji wale muhimu wasisalimie mtu wala kuitikia salamu. Wasipokee kitu mkononi mwa mtu. Na wasitaje maumivu yoyote ya mwili, maana ukitaja unapoumwa umemfungulia adui mlango.

Mimi haya nimeyajua nikiwa mtu mzima. Wakati ule niliamka Alhamisi, nikamkuta kaka mlangoni, nikamwambia, "Shikamoo kaka." Akanipita. Nikadhani hakusikia, nikamfuata, "Shikamoo!" Akatazama pembeni, akaenda zake. Hakuna mtu aliyewahi kuniumiza hivyo. Kwetu hata mtu aliyekuibia kuku akikusalimia unaitikia kwanza, kuku baadaye. Nikaenda kwa Mama nalia. Mama alikuwa anajua lile sharti la kutosalimia na kutopokea kitu mkononi, na hakulipenda hata kidogo, alishalipeleka kwenye maombi, ila kwa mtoto alisema tu, "Mwache kaka yako, ana mechi." Chakula akawa anakiweka kwenye kigoda, anarudi nyuma, ndipo Mihayo anakichukua.

Nikafikia uamuzi wangu mwenyewe: kaka ameshakuwa mtu wa Dar. Ameanza maringo. Na nilikuwa na ushahidi, kwa sababu alikuwa amerudi na mwendo mpya. Mguu wa kushoto alikuwa anaurusha kidogo nje, anautua taratibu, halafu bega la kulia linashuka. Anarusha, anatua, bega. Nilimtazama akivuka uwanja wa nyumba kwenda chooni, nikasema loh, kumbe mastaa wanatembea hivi! Nyumba nzima ilikuwa inanuka ile dawa ya kuchua, nikadhani nayo ni manukato yao.

Hasira ikaisha, ikaingia sifa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifunza ule mwendo mpaka nikauweza. Shuleni nikawafundisha wenzangu. "Hivi ndivyo anavyotembea kaka yangu siku hizi, anakwenda Dar." Ijumaa jioni mtaa wetu wote ulikuwa unarusha miguu. Mihayo alipotokea anarudi nyumbani, tulijipanga nyuma yake, watoto wa mtaa mzima, mimi mbele, tunarusha, tunatua, tunashusha mabega. Watu wazima kwenye vibaraza wakapiga makofi. Akageuka. Alitutazama kwa muda, mmoja mmoja, akanitazama na mimi, na macho yake yakajaa maji. Nikawaambia wenzangu, "Mmeona? Amefurahi mpaka analia." Tukaendelea kumfuata hadi mlangoni.

Jumamosi nilikwenda uwanjani na Bi Zuhura, jirani yetu fundi cherehani, mama wa mjini hasa, anayeweza kumtukana mwamuzi bila kutaja tusi hata moja. Basi la timu yetu halikupita getini. Lilisimama nyuma ya uwanja, wachezaji wakapanda ukuta. Niliwaona wakiruka mmoja mmoja. Mihayo alifika akasimama, na wenzake wawili wakambeba juujuu, wakampitisha, wengine wakampokea upande wa ndani. Nikamvuta Bi Zuhura khanga. "Umeona? Kaka yangu wanambeba!" Akasema, "Watambeba sana leo, mwanangu, we subiri."

Nami nasema kama shabiki, si kama dada: alicheza. Beki wao wa kulia alikuwa na jina kubwa, sura yake iko kwenye kalenda, na kipindi chote cha kwanza alikuwa anamsubiri Mihayo apite nje kama alivyozoea. Mihayo hakupita nje. Alikuwa anasimama, anasubiri, anapiga pasi, watu wakaanza kumzomea. Kipindi cha pili akaupata mpira pembeni, yule beki akafungua miguu kidogo tu, Mihayo akampiga tobo, akaingia ndani, akapiga krosi kwa mguu wa kulia. Ule mguu uliokuwa unaulizwa Dar! Mshambuliaji wetu akaweka kichwa. Bao. Uwanja ulipanda juu ukashuka. Bi Zuhura alinibusu, akambusu na mzee asiyemjua.

Zikabaki dakika chache, tunaongoza, tunaomba Mungu. Mihayo akaanguka peke yake. Hakuna mtu aliyemgusa, hakuna mpira karibu. Akakaa chini, ameshika goti kwa mikono miwili. Na uwanja mzima ukalipuka kwa furaha. "Lala! Lala, mwanangu, lala hapo hapo!" Bi Zuhura anapiga makofi, "Ana akili huyu mtoto, anakula muda huyo!" Nami nikapiga kelele, lala kaka, lala! Mwamuzi akaja, akamwambia ainuke. Mihayo akatikisa kichwa. Mwamuzi akamuuliza jambo, kinywa chake tulikiona kinauliza, na Mihayo hakujibu. Akainua mkono tu. Mwamuzi akatoa kadi ya njano, tukacheka, tukasema kadi si kitu. Lufunga akaingia na ndoo, akammwagia maji, akamchua, wakamvuta mpaka nje ya mstari.

Alilala pale mpaka mwisho, ameuma kitambaa cha jezi. Kipenga cha mwisho kilipolia, ndipo alipopiga ukelele. "Mayu wee!" Anamwita mama, kwa Kinyamwezi cha nyumbani. Watu walikuwa wanaruka uzio kuingia uwanjani kushangilia, wakampita wakampiga mgongoni, hongera, hongera.

Hospitalini Kitete, Mama alifika mbio na vumbi la njiani mpaka magotini. Soksi ilikuwa haivuliki, muuguzi akaikata kwa mkasi. Daktari aliligusa lile goti, halafu akauliza taratibu, "Liliumia lini?"

Nikajibu mimi, "Leo! Mwishoni!"

"Hapana," daktari akasema. "Hili si la leo. Kijana, liliumia lini?"

Mihayo akatazama dari. "Jumatano. Mazoezini. Lilipiga kelele ndani."

Mama akakaa kwenye kitanda bila kujua amekaa. "Jumatano? Alhamisi nimekupikia, Ijumaa nimekuwekea maji ya kuoga, leo asubuhi nimekuombea umeinamisha kichwa mbele yangu. Hukusema?"

"Walisema nikitaja ninapoumwa nitakuwa nimemfungulia adui."

"Na mimi ni adui?"

Mihayo alilia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona mwanaume mwenye ndevu analia vile, nikatoka nje nikasimama kwenye ua. Huko ndiko ule mwendo ulikonirudia. Sikuambiwa na mtu, nilielewa mwenyewe, nimesimama na kandambili zangu. Kurusha, kutua, bega. Tulikuwa tumemwigiza mtu anayeumwa, mtaa mzima, na watu wazima wametupigia makofi.

Nyuzi za ndani ya goti zilikuwa zimekatika. Daktari alieleza vizuri, bila kutuficha: angekuja Jumatano ile ile, goti lingepumzishwa, lingefungwa, angekaa nje msimu mmoja arudi. Sasa limechanika lote, linataka kupasuliwa Dar, na lisikae sana. Viongozi wa timu walikuja na kreti la soda na maneno mazuri. Wakapiga picha na mgonjwa. Wakamwambia Mama asiwe na wasiwasi, atasafirishwa na treni, mambo yote ya Dar uongozi unayashughulikia. Mihayo aliwaamini kuliko sisi wote. Alirudi nyumbani na magongo, akapanga begi lake, akaliweka uvunguni, kazi yake ikawa kusikiliza treni. Kila ikipiga honi anainua kichwa.

Kuhusu yule mtu wa Dar aliyeulizia jina lake, alimchukua yule mshambuliaji aliyefunga. Ndiyo mpira. Beki aliyepigwa tobo aliendelea kukaa kwenye kalenda. Na sisi tuliowafunga wakubwa siku ile, mwisho wa msimu tulishuka daraja vilevile, na hata nafasi yetu ya daraja la chini baadaye ikachukuliwa na watu wa mji mwingine, na jina likabadilishwa. Ukiniuliza leo timu yangu ni ipi, nashangilia timu ambayo haipo. Wachambuzi wa redioni wakifika kwenye habari za kuruka ukuta na kuingia kinyumenyume wanacheka, wanasema ndio utamu wa soka letu. Nawasikiliza, nazima redio. Vijana bado wanaruka ukuta, na bado kuna mtu anawaambia wasiseme.

Mihayo yupo. Anauza dagaa wa Kigoma sokoni, safu ya tatu kutoka kwangu, na mwendo ule ule ndio alio nao mpaka leo. Haingii kibandani. Watu wasiomjua wakibishana mbele ya meza yake kuhusu winga gani ni bora duniani, wakimuuliza yeye anasemaje, anawajibu, "Mimi mpira siujui," anaendelea kupepeta dagaa. Hajatangaza tena kitu chochote, si maji, si mbuzi. Mimi napiga kelele za watu wawili.

Lakini siku ninayoiona nikinusa ile dawa si siku ya mechi. Ni alasiri moja wiki kadhaa baadaye. Nilikuwa nafagia uwanja wa nyumba nikamwona Bwana Lufunga anakuja na baiskeli, amevaa shati la kutokea. Nikatupa ufagio, nikaingia ndani mbio. "Kaka, wamekuja! Wamekuja kukuchukua!"

Mihayo alikuwa amejilaza. Aliinuka mara moja, goti na yote. "Mama, shati langu jeupe!" Mama akaja na mikono yenye unga, akaifuta kwenye kitenge, akamfunga vifungo yeye mwenyewe kwa sababu vidole vya Mihayo vilikuwa vinakosea matundu. Mimi nikavuta begi kutoka uvunguni. Mama anasema, "Treni ya jioni hiyo, na sijakupikia cha njiani, jamani, ngoja nichemshe hata mayai," na Mihayo anacheka, kicheko chake cha zamani, anasema, "Mama, Dar kuna mayai." Mpaka hodi inapigwa, alikuwa ameshasimama katikati ya chumba, magongo kwapani, begi begani.

"Karibu, karibu baba," Mama akasema. "Tuko tayari."

Lufunga aliingia, akamtazama Mihayo, shati, begi, magongo. Akavua kofia. "Mama," akasema, "mimi nimefuata jezi. Jumamosi tuna mechi, na ile namba kumi na moja hatuna nyingine."

Jezi ilikuwa ndani ya begi, juu ya nguo zote. Mama alikuwa ameifua akaipiga pasi, na Mihayo aliiweka juu ili akifika Dar wajue ametoka timu gani. Alikaa kitandani taratibu, akafungua zipu mwenyewe, akaitoa, akaiweka mkononi mwa Lufunga. Lufunga akaikunjua, akaigeuza mbele na nyuma, akavuta mishono ya mabegani kuona kama imeachia.

"Mmeitunza vizuri," akasema.